Fundo la Uzi wa Kijani

"Msivae!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu. Injini ya boti ilikuwa imekohoa mara mbili ikazimika. Majabali yalikuwa karibu kiasi cha kuweza kuhesabu ndege waliotua juu yake. Nahodha alikuwa ameamuru kila mtu avae jaketi la kuelea, na Sindano, mshonaji bora wa karakana ya ushonaji, akapiga ukelele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Wote wakamgeukia.

"Tusivae nini?" aliuliza mama mkwe wake, mkono mmoja tayari umeshaingia kwenye jaketi.

Kidole gumba cha Sindano kilikuwa bado ndani ya kola ya jaketi dogo kuliko yote, lile alilokuwa akimvalisha binti yake wa miaka sita, Kidonge. Chini ya lebo palikuwa na fundo la uzi wa kijani, dogo kama chawa.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia misumari kabla hujalisoma, nikukumbushe. Katika karakana ile kila mshonaji ana rangi yake ya uzi. Akimaliza kazi huifunga kwa fundo moja mahali ambapo mteja hatazami, ili kitu kikirudi kwa ubovu, ijulikane ni mkono wa nani. Bibi Miwani, mzee wao, ana bluu. Sindano ana kijani.

Na jaketi lile lilikuwa laini. Laini kama mto wa kulalia.

Jaketi la kuelea haliwi laini, msomaji. Ndani yake hutiwa boya, vile vipande vigumu visivyokunywa maji hata ukiviloweka mwaka. Hiki alichokuwa akikibonyeza Sindano kilikuwa sponji. Sponji ya kukalia.

"Nimeona nge," akasema. "Ametoka humo ndani."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile.

"Nge?" Nahodha aliinua kichwa kutoka kwenye injini, mikono imejaa grisi. "Nge kapanda boti yangu bila tiketi?"

"Nge halisi?" Kidonge akaruka juu ya kiti. "Yuko wapi? Nimwone!"

Mama mkwe alilivua jaketi lake upesi akalikung'uta mara tatu ukingoni, akalichungulia kila mfuko, kisha akalivaa tena na kufunga mikanda yote mitatu. "Nge akiniona mimi, ndiye atakayekimbia," akasema. "Nimeishi na baba mkwe wako miaka thelathini."

Nahodha akacheka. Akavuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikapiga chafya, ikawaka. Majabali yakaanza kurudi nyuma.

"Hewa tu ilikuwa imeingia kwenye bomba la mafuta," akasema. "Poleni. Lakini majaketi msiyavue. Kwenye boti yangu jaketi linavuliwa ufukweni."

Sindano alimfunga Kidonge mikanda yake. Akampigapiga kifuani, kama mama yeyote anavyofanya akimaliza kumvalisha mtoto. Mkono wake ulizama kwenye sponji.

* * *

Bahari siku hiyo ilikuwa nzuri ya kutia uchungu. Maji ya kijani, mapango yaliyochongwa na mawimbi, mnara mweupe wa taa juu ya rasi, nyumba za watu wenye nafasi zenye mapaa mekundu. Boti nzima ilikuwa yao. Nahodha, nyota wa biashara ya matembezi ya baharini, alikuwa amewaalika kwa shukrani ya majaketi na viti walivyomshonea: Bosi wa karakana, na mshonaji wake bora pamoja na familia yake. Mume wa Sindano alikosa ruhusa kazini, nafasi yake ikachukuliwa na mama yake, ambaye hajawahi kukataa kitu cha bure.

Zawadi kwa kazi nzuri. Hayo ndiyo maneno Bosi aliyoyasema mbele ya mafundi wote, nao wakapiga makofi.

Kazi gani nzuri? Sindano alikaa akitazama mapango bila kuyaona. Alikuwa anaiona jioni moja ya majuma matatu nyuma.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Saa kumi na mbili alikuwa na mtihani wa shule ya jioni, ule ambao kama angeufaulu, Bosi angempa usimamizi. Alibakiwa na majaketi kumi na manane ya kujaza na kufunga. Mkata vitambaa huweka vipande kwenye mifuko myeusi: ya boya hufungwa kamba nyekundu, ya sponji kamba nyeupe. Siku hiyo kamba nyekundu zilikwisha. Mifuko yote ikafungwa nyeupe.

Sindano alivuta mfuko uliokuwa karibu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ubavu unapomchoma. Kidole chake kilijua. Alipokuwa anaingiza kipande cha kwanza, kidole kilimwambia: mbona laini? Na yeye akakijibu: huenda ni mzigo mpya. Akajaza la pili. Kidole kikauliza tena. Akatazama saa ya ukutani. Kufikia la tano kidole kilikuwa kimenyamaza.

Akafunga mafundo kumi na manane ya kijani, akakimbilia mtihani.

Akafaulu. Alipata sabini na nane, na mwalimu akamwandikia "hongera" kwa wino mwekundu.

"We mama Kidonge," mama mkwe alimkatiza. "Hivi viti ni ninyi mmevishona?"

"Ndiyo, mama. Ni sisi."

"Basi Mungu awasamehe. Nimekaa saa moja, makalio yameota sugu. Hivi mmeweka nini humu, matofali?"

Bosi, aliyekuwa anapiga picha mapango kwa simu, aliangua kicheko cha kumfurahisha mteja. "Mama, hiyo ndiyo mitindo ya kisasa. Kiti kigumu kinanyoosha mgongo!"

"Mgongo wangu ulinyooka kabla hujazaliwa, mwanangu."

Sindano hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kiti chake. Akabonyeza. Kiti kikakataa kubonyea.

Sponji ya viti iliingia kwenye majaketi. Basi boya la majaketi liliingia wapi? Makalio ya mama mkwe yalikuwa yameshajibu. Bibi Miwani, aliyebaki jioni ile kujaza mito ya viti, alichukua mifuko iliyobaki. Walikuwa wamekalia kile walichotakiwa kuvaa.

* * *

Alimvuta Bosi nyuma ya kibanda cha usukani, mahali injini inapomeza maneno.

"Bosi, majaketi haya yana sponji."

"Yana nini?"

"Sponji. Mifuko ilibadilishana. Ni mimi niliyeyajaza. Yakiingia majini yatakunywa maji."

Bosi alikuwa mwanamke mwenye ulimi ulionyooka kama mkasi, lakini sasa mkasi ulibaki wazi. Akamtazama nahodha mgongoni. Akamtazama Sindano.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi tumemaliza kuzungumza."

"Bosi..."

"Nisikilize, mdogo wangu." Sauti yake ilishuka, ikawa tamu. "Leo tukirudi ufukweni, huyu bwana anatupa kazi ya boti zake zote. Zote! Kule karakana mko wanane, na mwezi ujao bila kazi hii mtabaki watatu. Unataka nianze kumwondoa nani? Bibi Miwani?"

Sindano akainamisha kichwa. Bibi Miwani ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Ndiye aliyekuwa akimbebea Kidonge mgongoni akiwa bado ananyonya, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Jumatatu," Bosi akaendelea, "nitasema tunayachukua yote kwa ukaguzi. Tunayafumua, tunabadilisha, tunarudisha. Hakuna atakayejua."

"Na leo?"

"Leo tunatembea tu. Boti hii si ungo. Nani ataanguka? Umewahi kuona mtu anaanguka kwenye basi?"

"Nimewahi."

"Sindano. Msimamizi wangu ni nani?"

Ni swali dogo, msomaji. Lakini kwa mwanamke aliyekwenda shule ya jioni miaka miwili, akijifunza hesabu huku mtoto amelala mapajani mwake, si dogo.

"Ni mimi," akajibu.

Na akainamisha kichwa kukubali. Usimhukumu haraka. Lakini pia usimsamehe, maana yeye mwenyewe hakujisamehe. Aliporudi kukaa karibu na Kidonge alikuwa mtu mwingine. Jioni ile karakanani alikuwa amekosea. Sasa alikuwa anaficha.

* * *

Saa sita mchana nahodha alizima injini kwenye ghuba iliyozungukwa na majabali pande tatu. Maji yalikuwa matulivu, yanang'aa hadi mchanga wa chini unaonekana kama sakafu iliyofagiwa.

"Hapa ndipo wageni wangu wote wanaporuka," akatangaza huku akielekea mbele kushusha nanga. "Msidanganyike na huo mchanga. Kina chake ni nyumba ya ghorofa mbili. Lakini kwa majaketi haya, hata jiwe litaelea!"

"Mimi kwanza!" Kidonge alikwisha vua viatu.

"Hapana," akasema Sindano.

"Mama! Uliahidi!"

"Una mafua."

"Sina mafua!" Akavuta pumzi kwa puani kwa nguvu kuthibitisha. "Ona!"

"Maji ya chumvi ni dawa ya mafua," nahodha akasema kutoka mbele, akiwa ameinamia kamba.

"Nimesema hapana!"

Sauti iligonga majabali ikarudi. Ndege wakaruka. Kidonge akabaki mdomo wazi, kisha mdomo ukaanza kutetemeka, kisha machozi yakaja bila sauti, na hayo ndiyo machozi mabaya kuliko yote.

"Heee!" Mama mkwe akasimama. "Mtoto amelala na nguo ya kuogelea siku tatu. Siku tatu! Leo unamfokea mbele za watu? Njoo mjukuu wangu. Mama yako ameamka vibaya. Bibi atashuka kwenye ngazi, tuloweshe miguu tu."

"Mama, tafadhali, usishuke."

"Na mimi nina mafua?"

"Ngazi inateleza."

"Ikiteleza si ninalo jaketi?" Mama mkwe alijipiga kifuani kwa fahari, akamgeukia nahodha. "Unajua, baba, hili limeshonwa na mke wa mwanangu. Mikono yake mwenyewe! Nikimwambia jirani yangu hasadiki. Sasa nani ataniogopesha na maji?"

Maneno yale yalimwingia Sindano kama sindano ya gunia.

Akafungua kinywa. Kweli, alifungua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo vidole vya Bosi vikamminya kiwiko, vikali kama kibanio.

Ilikuwa nusu ya dakika tu. Mama mkwe alishuka vidato viwili, akakaa kwenye kidato cha chini, miguu majini, akimnyooshea Kidonge mkono. Nje ya ghuba boti nyingine ikapita kwa kasi. Wimbi lake lilichelewa kidogo, kama deni... la, kama mgeni asiyealikwa, kisha likaingia, likainua ngazi, likaishusha.

Chubwi!

"Bibi!"

* * *

Akazama. Akaibuka. Jaketi la rangi ya chungwa likachanua kumzunguka kama ua, uso wake ukatokea katikati, kitambaa cha kichwa kimekwenda zake.

Kisha mama mkwe akacheka. "Kumbe raha!" akapiga kelele. "Tazama, Kidonge! Bibi yako bata!"

Kidonge akapiga makofi. Bosi akaachia kiwiko cha Sindano na kushusha pumzi ndefu. "Unaona?" akanong'ona. "Linaelea."

Sindano hakuwa anamtazama mama mkwe usoni. Alikuwa anatazama mabega. Sponji kavu ina hewa, msomaji. Huelea kama kitu cha maana, kwa muda. Halafu huanza kunywa.

Mabega yalikuwa juu ya maji. Kisha yakawa sawa na maji.

Kisha hayakuwapo.

"Mbona..." Mama mkwe aliinua kidevu. Kicheko kilikuwa bado usoni, kimesahauliwa hapo. "Mbona linanivuta?"

"Mama, vua! Fungua mikanda!"

Lakini mikanda ilikuwa mitatu, na Sindano alikuwa ameishona vizuri. Nyuzi mara mbili. Haifunguki kwa vidole vyenye maji na hofu.

"Nahodha!"

Nahodha aliacha nanga akaruka kuelekea boya la duara, lakini lilikuwa limelaliwa na marundo ya kamba ya nanga. Akavuta. Likakwama. Kidevu cha mama mkwe kikagusa maji. Mdomo ukagusa maji.

"Mwanangu!" aliita. Hakumwita mwanawe wa kumzaa. Alikuwa anamtazama Sindano. "Mwanangu, nisai—"

Maji yakamaliza neno.

Sindano hakuwa anajua kuogelea. Alijua kitu kimoja tu. Akapiga magoti, akashika mto wa kiti kwa mikono miwili, akavuta zile kamba nne anazozijua maana ni yeye anayefundisha wenzake kuzifunga. Mto ukang'oka. Akautupa kwa nguvu zake zote.

"Wazimu!" Bosi akapiga kelele. "Unamtupia kiti?"

Mto ulipiga maji ukalala juu kama sahani.

"Mama! Shika! Weka kifua juu yake! Kifua!"

Mkono ukatoka majini. Ukapapasa. Ukashika. Akatupa mto wa pili. Na wa tatu. Uso wa mama mkwe ukatokea, macho mekundu, anakohoa, amekumbatia kiti kile kile alichokitukana asubuhi nzima.

Nahodha alikuwa ameshalivua jaketi lake na kupiga mbizi.

* * *

Walimlaza sakafuni. Alitapika maji, akavuta pumzi, akalitukana wimbi, akamtukana nahodha, na hapo wote wakajua atapona. Kidonge alimlalia tumboni akilia. Sindano alimkata mikanda kwa kisu, akamfunika kwa khanga yake, akamsugua miguu, bila kuweza kumtazama.

Nahodha aliinua jaketi kwa mkono mmoja, likamshinda. Akatumia miwili. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Akalipasua kwa kisu.

Sponji ikatoka. Akaiminya. Maji yakamwagika hadi kwenye vidole vya miguu vya Bosi.

Kisha nahodha akageuka polepole kuelekea mito mitatu iliyokuwa ikielea nje, mikavu juu, kama vile bahari haiwahusu.

"Wewe," akamwambia Sindano. "Mimi ni nahodha mwaka wa kumi na tisa. Mtu akianguka, natafuta boya. Wewe ulitupa kiti. Ulijuaje kama kiti kitaelea?"

"Ni Bibi Miwani!" Bosi alisema kabla Sindano hajafungua kinywa. "Nahodha, nimeaibika. Nina fundi mmoja mzee, macho yamekwisha, nimekuwa nikimwonea huruma. Yeye ndiye alijaza mito ya viti. Ni wazi amechanganya vitu. Kesho asubuhi hana kazi. Naapa."

Hadithi ile ilikuwa imeshonwa vizuri. Haikuonekana hata mshono. Bibi Miwani alijaza viti, hilo lilikuwa kweli. Na nahodha hakujua lolote kuhusu mafundo. Sindano alichotakiwa kufanya ni kile alichokuwa amefanya siku nzima. Kunyamaza.

Akainua macho. Akakutana na macho ya Kidonge.

Mtoto alikuwa amelikamata lile jaketi lililopasuliwa. Kola ilikuwa imegeuka nje. Fundo la kijani lilikuwa linaonekana, limelowa, linang'aa. Na fundo lile Kidonge alilijua. Lilikuwa kwenye sare yake ya shule, kwenye gauni lake la sikukuu, kwenye mkoba wake wa vitabu. Tangu azaliwe, kila asubuhi alikuwa akiligusa kabla ya kutoka nyumbani, kama mtu anayehakikisha kwamba amebeba ufunguo.

Akalitazama fundo. Akamtazama mama yake. Akamtazama Bosi.

Kisha, taratibu, akaikunja kola kwa ndani, akaikalia.

Akafunga mdomo wake mdogo kwa nguvu, kama alivyomwona mama yake akiufunga wake.

Hilo ndilo lililommaliza Sindano. Dhambi yake angeweza kuibeba hadi kaburini. Lakini mwanawe alikuwa ameshaanza kumsaidia kuibeba.

"Kidonge," akasema. "Nipe."

Mtoto akatikisa kichwa kukataa.

"Nipe, mama. Si siri nzuri hiyo."

Akalichukua jaketi, akaikunjua kola, akamwonyesha nahodha.

"Fundo hili ni langu. Bibi Miwani ana bluu. Nilichukua mfuko usio sahihi kwa sababu nilikuwa na haraka, na nilihisi kwamba ni laini, nikaendelea. Leo asubuhi nilijua kwa hakika, nikasema ni nge. Hakukuwa na nge. Na Kidonge hana mafua."

"Sindano!" Bosi alifoka. "Unajua unachofanya?"

"Sasa najua, Bosi."

Kutoka sakafuni mama mkwe alikuwa akimtazama. Midomo ilikuwa bado ya bluu. Sindano alingoja tusi. Alilitamani hasa, lingekuwa kama maji ya kuogea.

"Ulijua," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "ukaniacha nishuke ngazi?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akageuza uso upande wa majabali. Katika miaka saba ya ukwe wao ilikuwa mara ya kwanza kukosa la kusema.

Nahodha hakufoka pia. Alikuwa amesimama kisu mkononi, maji yakimtiririka, anahesabu majaketi yaliyobaki. Moja la Kidonge. La Sindano. La Bosi. La kwake. Na moja la akiba.

"Sita na hili," akasema. "Ulisema siku ile ulishona mangapi?"

"Sikusema."

"Sasa nauliza."

"Kumi na manane."

Rangi ilimtoka nahodha usoni. Mara ya kwanza siku hiyo, mtu yule mcheshi alionekana mzee.

"Kumi na mawili niliyapeleka kwenye boti yangu ya pili," akasema. "Ile yenye mabenchi ya mbao. Haina mto hata mmoja."

"Iko ufukweni?" Bosi aliuliza. "Niambie iko ufukweni."

"Imeondoka saa tatu. Imekodiwa na shule. Wanafunzi kumi na wawili na walimu wao. Wanakwenda ghuba ya pili, nyuma ya rasi." Alikwisha fika kwenye usukani, ameshika redio ya mawasiliano. "Kuogelea."

Akilini Sindano aliwaona akina mama kumi na wawili asubuhi ile ufukweni. Kila mmoja amepiga goti mchangani, amefunga mikanda mitatu, ameivuta kuhakikisha. Kila mmoja amempigapiga wake kifuani.

"Boti ya pili, boti ya pili, nijibu."

Mkwaruzo wa redio tu.

"Boti ya pili, nijibu!"

"Nakusikia, mkubwa," sauti ikaja, yenye furaha, imechanganyika na kelele za watoto. "Tumeshafika. Maji safi sana leo! Tunaanza na wadogo."

Nahodha akamgeukia Sindano. Akamnyooshea redio.

"Waambie wewe," akasema. "Mimi wataniuliza maswali, na nafasi ya maswali haipo. Wewe ndiye unayejua."

Sindano aliishika kwa mikono miwili. Akabonyeza kitufe. Kidole kile kile.

"Mimi ndiye niliyeyashona majaketi," akasema. "Asiruke mtoto yeyote. Mnanisikia? Asiruke mtu!"

Akaachia kitufe asikilize.

Kutoka upande wa pili hakuna aliyemjibu. Zilisikika tu sauti za watoto, zote kwa pamoja, zikihesabu kwa furaha.

"Moja... mbili..."